Majina ya Kapuni

Siwema aliliona kwanza kapu la ukindu chini ya meza ya kompyuta, limejaa kadi.

"Mashavu binti Kombo hayumo," alisema Ngwali, karani wa kambi ya waliookolewa kwenye mafuriko. "Ni nani wako?"

"Mke wa baba." Kisha, kwa sauti ndogo, "Na hizo za kapuni?"

"Hizo mashine imezitema. Tunaingiza majina mbio mbio ili watu watafutwe. Jina likigoma hatusimami, tunaliweka kando. Baadaye tunayarudia moja moja, polepole."

"Yanagoma kwa nini?"

Ngwali alicheka. "Wazee! Ukiwauliza mwaka wa kuzaliwa, wanakwambia mwaka wa nzige. Kompyuta inajua nzige?"

Siwema alishika ukingo wa meza. Kila alipoulizwa umri, Mashavu alijibu hivyo hivyo.

"Anza na hao wa nzige, kaka. Tafadhali."

Ngwali alipekua kapu, akatoa kadi, akakadiria mwaka, akaandika taratibu. Safari hii mashine ilikubali. Jina la Mashavu likatokea kwenye kioo.

"Hema la mwisho, karibu na bomba. Ulisema ni nani wako?"

Siwema alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mama," alisema. "Ni mama yangu."