Sasisho la Mama

Walisema ni dakika kumi. Tangu asubuhi Mama yuko kitini, kimya, kifaa cha kumbukumbu nyuma ya sikio lake kikichemka. Kilikuwa kinajisasisha, na sasisho lilikuwa limekula nguvu zote za kumbukumbu yake. Nililizima kwa simu, likajiwasha. Nikalizima tena, likajiwasha tena. Kukitoa kifaa chenyewe ni jela, hata kwa binti wa kumzaa.

“Shikamoo, Mama,” nilirudia kila saa, nikisubiri marahaba.

Alasiri kifaa kikapoa. Mama akanitazama kwa adabu, akainamisha kichwa.

“Shikamoo.”

Salamu ya kwanza isipoitikiwa, mfumo huhesabu ni hitilafu, na sasisho huanza upya. Nikaitikia.

“Marahaba, mwanangu.”