Mbuni Alivyojipunguza Uzito

Usinikunjie pua kabla sijasema. Mbuni alishindana mbio za njia iliyonyooka, na kama huamini, masikio ni yako, yazibe.

Zilikuwa mbio zake za kwanza, dhidi ya Swala, na aliota ushindi hata akiwa anakula. Asubuhi ile Ngiri, fundi wake, alimwambia, "Dada, manyoya ni mzigo. Tuyanyonyoe."

"Ya mabawa yaache, mwanangu," akasema Bi Kobe, mwenye gereji. "Hayo ndiyo breki zako."

Mbuni akacheka. "Shangazi, wewe lini ulikwenda kasi ukahitaji breki?"

Akanyonyolewa manyoya yote. Filimbi ilipolia, ardhi ikawa laini kama usingizi. Swala akabaki nyuma, watazamaji wakayeyuka kama ukungu, na Mbuni akashinda. Akakunjua mabawa asimame, lakini ngozi tupu haishiki upepo. Akaupita uwanja, akavipita vilima, miguu ikielea, akiuliza kama aotaye, "Jamani, na kombe langu je?"

Kule gereji Ngiri akauliza, "Sasa atasimama lini?"

"Yakiota," akasema Bi Kobe. "Wewe fagia."

Akatoka, akaufunga mlango.