Bustani ya Mwantumu

Kwa miezi mitatu Hemedi alijifunza kuchora kwa rangi za mafuta, apate kumletea mkewe bustani yake kitandani, kwa kuwa miguu ya Mwantumu haikuweza tena kumfikisha uani. Leo aliiegemeza picha ukutani, akangoja.

Mwantumu aliitazama kwa muda mrefu.

"Baba Siwema, nani ameikausha bustani yangu?"

"Haijakauka. Nimeimwagilia asubuhi."

"Mbona majani mekundu?"

"Hayo? Hayo ni ya kijani."

Mkewe alidhani ni utani, akacheka. Kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka.

"Kumbe! Miaka yote hiyo ukinichumia nyanya mbichi, nami nikikuita mvivu wa kuchagua."

Hemedi hakuelewa. Alikwenda uani, akarudi na jani bichi la mpera, akalibandika juu ya picha. Lilinata kwenye rangi ambayo haijakauka, na machoni pake likapotea humo.

"Nioneshe, mama Siwema," alisema taratibu. "Tofauti iko wapi?"

Mwantumu alinyoosha kidole, kikabaki hewani, asijue aanzie wapi.