Gia ya Mguu wa Kulia

Mnapita mlangoni kwake kila siku mkiangalia simu, nami, wa chumba cha mkabala, nawakumbuka mmoja mmoja. Mnasema mzee Muitaliano anatetemeka. Leo daktari anakuja kumwandikia dawa ya kumtuliza, alale mchana kutwa.

Perpétue, anayemhudumia katika nyumba hii ya wazee ya Jordbro, Uswidi, alikulia kwenye gereji ya pikipiki ya baba yake Bukavu. Asubuhi hii alikuwa akimchana nywele, akasita. Mkono wa kulia wa mzee ulizunguka kama unaoongeza mafuta. Vidole viwili vya kushoto vilivuta klachi isiyokuwepo. Kisha ncha ya mguu wa kulia ikainuka.

"Papa, unabadili gia?"

Mzee akageuka. "Umejuaje?"

"Lakini sisi tunabadili kwa mguu wa kushoto."

"Ninyi! Nimeshindana miaka kumi na moja, tangu mwaka wa hamsini na mbili. Pikipiki zetu gia zilikuwa kulia." Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Sasa nyamaza, kuna kona."

Perpétue alishika kiti chake cha magurudumu, wakainamia upande mmoja pamoja.

Daktari ameshafika koridoni, kalamu mkononi. Wewe uko karibu naye kuliko mimi. Mzuie hapo hapo, umwambie asiandike kitu.