Kijiko Kilichosimama

—na mwenyewe yu hai kabisa, Violeth, nakuapia!

Niko mtaa wa Observatory, nyumbani kwa Madam, yule bosi wangu Mkorea wa duka la nywele. Leo kwao ni Chuseok, sikukuu ya mavuno. Toka enzi za mababu zao, wali wa mchele mpya hauonjwi mpaka marehemu wa nyumba wapakuliwe kwanza. Akanionyesha meza, mimi nachekacheka tu. Picha ya baba yake, mbele yake bakuli la wali, kijiko kimesimama wima katikati. Picha ya mama yake, vilevile.

Picha ya tatu ni ya mumewe, na kijiko chake nacho kimesimama. Na asubuhi hii hii kanitania rasta zangu!

"Eish, Madam, mzee si kaenda tu uwanja wa ndege kuchukua mzigo?"

Akakikandamiza kile kijiko mpaka kikazama nusu.

"Cha aliye hai tunakilaza, binti yangu," akasema taratibu. "Kamfungulie geti. Atakuwa na njaa."

Basi nipo getini na rimoti, shoga yangu. Honi inalia, mzee ananipungia mkono, anacheka. Nimwambie asiingie, mkewe keshampakulia cha marehemu?

Anashusha kioo. Kesho nitakuambia nimemwambia nini.