Bakuli la Mchana

Ilikuwa mchana kweupe, Ramadhani ikiwa katikati, Mwanakombo alipomwekea mdogo wake bakuli la uji. Wiki hiyo ndiyo mdogo wake huyo alipotoka hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Nimefunga, dada," alisema Msabaha.

"Kunywa. Dawa zitakuunguza tumbo."

"Dawa nimeshameza na daku. Nyingine nitameza nikishafuturu. Daktari ndiye aliyenipangia."

Mwanakombo alishusha pumzi. Hakuwa na roho mbaya. Ndiye aliyemwosha na kumlisha mdogo wake miezi yote aliyofungwa kamba nyumbani, kabla ya kupelekwa hospitali. "Nimemuuliza shehe. Mwenye wazimu haandikiwi kitu, si dhambi wala thawabu. Unajitesa bure, mdogo wangu."

Msabaha alilitazama lile bakuli. Kule wodini dua yake ilikuwa moja tu, kila siku: aandikiwe tena kama watu wengine. Alilifunika bakuli kwa kawa, akalisogeza pembeni.

Jioni mkeka ulitandikwa uani. Mwanakombo aliwagawia tende waliofunga: mumewe, mama mkwe, binti zake wawili, na yeye mwenyewe. Msabaha akaja na bakuli lake, uji umeganda na kufanya utando juu, akaketi mwisho wa mkeka. Midomo ilikuwa imempauka.

Adhana ilipolia, alisoma dua ya kufuturu kwa sauti, polepole, bila kukosea neno. Kisha akapiga funda la uji baridi.

Wengine walikuwa wanatafuna. Mwanakombo alikuwa bado ameishika tende yake, akimtazama mdogo wake, hajaitia mdomoni.