Mchele Usioota

Siku hizo Ifakara hakuna aliyepika mchele wa kahawia kabla haujaota. Wanga usiopunguzwa na chipukizi ulipanda damuni upesi, na bangili ya kupimia sukari mkononi mwa mlaji ikawaka nyekundu. Ikiwaka mara tatu, gari la Nyumba ya Mlo lilimchukua akalishwe huko maisha yake yote. Ya Bi Semeni ilikuwa imeshawaka mara mbili.

Mkaza mwanawe, Zaituni, alichelewa kuloweka mchele. Ili uote haraka akaumwagia maji yanayochemka badala ya vuguvugu. Viini vikafa, punje zikavimba bila kutoa ncha. Aliona, akapika hivyo hivyo.

"Leo wali ni wali, mwanangu!" Bi Semeni alisema, akikomba sahani. "Siku zote unanilisha miche kama mbuzi."

Zaituni alicheka, kisha akatazama mkono wa mkwewe. Bangili ilikuwa imewaka.

Mama mkwe akaificha chini ya kanga. "Ni tende tu. Nilidokoa moja asubuhi ulipokwenda bombani. Nisamehe, nimekuaibisha."

Tende moja haiwashi bangili; Zaituni alijua. Alijua pia kwamba mpishi akikiri kosa, huchukuliwa yeye badala ya mlaji. Akamweka vizuri mwanawe mchanga aliyembeba mgongoni.

"Yamekwisha, mama," akasema.

Gari lilipoondoka na Bi Semeni, Zaituni aliloweka mchele kwa maji vuguvugu, taratibu, kama Bi Semeni alivyomfundisha. Kesho yake kila punje ilikuwa imechomoza ncha nyeupe. Ndipo alipoona kwamba alikuwa ameloweka na fungu la mama mkwe.